Lisbon kwa miguu: viatu vya harusi viache nyumbani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: anakwenda Lisbon siku tatu, je, zile ziara za miguu za bure zinafaa? Ndugu yangu, zinafaa sana. Ila bure yenyewe ina bei, na mimi niliilipa kwa aibu.

Nilivaa viatu vyangu vya ngozi, soli imelainika, vile vya kwendea harusini. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Njia zao za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vinateleza kama vimepakwa mafuta. Hatujamaliza barabara ya Rua Augusta, mimi chali, simu kule, kofia kule. Kundi zima kimya. Kisha mtoto mmoja akacheka. Mpaka leo namsikia.

Basi vaeni raba.

Nikabaki nyuma nimenuna, na nakiri nusu ya maelezo ya Baixa, mtaa wa katikati ya mji, yalinipita. Nilizinduka ndani ya kanisa la São Domingos. Moto wa 1959 uliliteketeza, na nguzo wameziacha hivyo hivyo, zimemeguka. Hapo kiongozi akatusimulia tarehe 1 Novemba 1755: sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, ardhi ikatikisika, mishumaa ikawasha moto, bahari nayo ikapanda. Ndiyo maana mitaa ya Baixa imenyooka kama rula; ilijengwa upya. Mtaa wa Alfama uliosalimika una vichochoro vya kupishana kwa bega, utadhani uko Mji Mkongwe.

Halafu nikaona kibao: igreja. Kumbe neno letu gereza limetoka kwenye Kireno hicho! Kwao kanisa, kwetu jela. Nilitamani kuwaambia wenzangu, lakini nani atamsikiliza mtu mwenye tope makalioni?

Mwisho, kule juu Portas do Sol, mahali pa kutazamia mji, kiongozi akavua kofia. Wenzangu wakatumbukiza noti za euro kumi. Mimi nilikuwa na sarafu ya euro mbili, maana nilidhani bure ni bure. Akaitazama, akanitazama, akasema asante.

Kijana yule hana mshahara. Anakula kwa kofia ile. Kwa hiyo tembea na noti mfukoni. Sisi tunalipa tiketi ya ndege mamilioni bila kulalamika, halafu tunambania aliyetutembeza saa tatu! Tuache hizo.

Na raba, tafadhali.