Mtoto mchanga anayelegea siku ya tatu: kwa wauguzi na matabibu wapya

Mtoto amezaliwa na kilo 3, amelia vizuri, amenyonya siku mbili. Siku ya tatu anaacha titi, analegea, anahema mbio. Kwenye faili huandikwa maambukizi ya damu, na antibiotiki zianze bila kungoja. Lakini msiishie hapo. Hitilafu za kurithi za asidi amino, yaani vijenzi vya protini, huja na sura hiyohiyo, na ubongo wa mtoto hausubiri majibu ya maabara. Alipokuwa tumboni, kondo la nyuma lilimsafishia damu. Sasa protini ya maziwa anaivunja kwa vimeng'enya vyake mwenyewe, na ikiwa jeni ya kimeng'enya kimoja ina kasoro, sumu inajaa siku hadi siku.

Kaeni na mama mchore ukoo. Muulizeni kama yeye na baba mtoto wana undugu. Ndoa za watoto wa ami au wa khalati ni za kawaida kwa familia nyingi za hapa, kwa hivyo swali liulizwe kwa heshima, lisisikike kama shutuma. Mabinamu wa kwanza hushiriki kwa wastani 1/8 ya jeni zao, ndiyo maana kasoro ileile huweza kukutana kwa mtoto. Nyingi ya hitilafu hizi zahitaji nakala mbili mbovu, moja ya mama na moja ya baba, nao wazazi wenyewe ni wazima. Hatari ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba. Wazazi wengi huelewa kwamba mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika, wasahihisheni palepale.

Ulizeni pia juu ya wajomba na kaka za mtoto waliofariki wiki ya kwanza. Jeni ya OTC, inayohusika na kuondoa amonia (sumu itokanayo na kuvunjwa kwa protini), iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana huipata kwa mama tu, hivyo wavulana ndio huumia zaidi. Hapo mama mkwe asipewe nafasi ya kumlaumu mkaza mwana: hakuna aliyechagua jeni zake, na mara nyingine kasoro huzuka upya bila kurithiwa.

Vipimo vya kwanza ni rahisi. Pimeni sukari, kisha ketoni (mabaki ya mafuta yanapovunjwa) kwenye mkojo: ketoni nyingi kwa mtoto mchanga si jambo la kawaida. Nuseni nta ya sikio na mkojo. Harufu ya sukari iliyoungua, pamoja na mwili kukakamaa na mgongo kupinda, huashiria leusini, mojawapo ya asidi amino, imejaa, kutokana na kasoro ya jeni BCKDHA, BCKDHB au DBT. Kwenye gesi za damu (kipimo cha hewa na tindikali ya damu), amonia humfanya mtoto apumue kupita kiasi, damu ikawa na alkali badala ya tindikali.

Damu ya kupima amonia ndiyo huharibika zaidi. Itoke yenyewe kwenye mshipa, bila kufunga mkono kwa nguvu wala kukamua. Iwekwe kwenye barafu papo hapo na ifike maabara ndani ya dakika 15. Kwa joto la Mombasa, chupa iliyosahauliwa mezani itaonyesha amonia ya juu isiyo ya kweli. Ikizidi maikromoli 150 kwa lita kwa mtoto mgonjwa, pigeni simu kwa daktari bingwa bila kungoja kurudia.

Simamisheni maziwa, lakini msimwache mtoto na njaa, maana mwili wenye njaa huvunja misuli na kuongeza sumu ileile. Glukosi ya 10%, mililita 120 kwa kilo kwa siku, humpa takriban miligramu 8 kwa kilo kwa dakika; wa kilo 3 ni mililita 15 kwa saa. Iwe na chumvi kulingana na vipimo: maji matupu ya sukari huongeza uvimbe wa ubongo. Protini irudishwe kidogo kidogo kabla ya saa 48 kupita, kwa maelekezo ya bingwa.

Fenilketonuria, hitilafu nyingine ya asidi amino, ya jeni PAH, ni tofauti: mtoto haonyeshi dalili mwanzoni. Huyo hukamatwa kwa kadi ya damu ya kisigino tu, ichukuliwe baada ya saa 24, akiwa ameshanyonya. Chomeni pembeni ya kisigino, futeni tone la kwanza, jazeni kila duara kwa tone moja, upande mmoja wa kadi. Kadi ikauke kivulini, ikiwa imelazwa, saa 3 au zaidi. Kisha itiwe kwenye mfuko wake pamoja na kikausha unyevu, kwa sababu hewa ya pwani huiharibu.

Kama mtoto atahitaji kuongezwa damu, chukueni kadi kwanza. Na akizidiwa kabla ya majibu, ombeni idhini ya wazazi muhifadhi kadi na mkojo uliogandishwa. Jeni ikitambuliwa, mtoto atakayefuata ataweza kupimwa tangu siku ya kwanza na kuanza matibabu kabla hajaugua.