Maswali Yenu: "Napiga kutoka huduma kwa wateja"

Swali: Mtu alinipigia akidai ni wa Safaricom. Alitaja jina langu kamili na nambari ya kitambulisho, akasema laini itafungwa leo nisipobonyeza nambari atakazonisomea. Nilikata. Alinijulia wapi? — Mama wa watoto watatu, Kasarani

Jibu: Mama, ulifanya vyema kukata. Jina na kitambulisho tunaviandika kila siku kwenye madaftari ya walinzi tukiingia majumba ya mjini, na ukurasa mmoja ukipigwa picha, wakora wamepata watu thelathini. Kwa hiyo anayekutajia kitambulisho hajathibitisha lolote. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na haiulizi nambari ya siri ya M-PESA.

Nambari za kubonyeza ndizo za kuogopwa. Zikianza na *21* kisha nambari ya simu, simu zako zote zinaelekezwa kwake. Benki ikipiga kuthibitisha malipo, anapokea yeye. Kama ulishabonyeza, piga ##002# kufuta.

Kibaya zaidi ni laini yako kuhamishiwa kadi nyingine. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla huku simu za wenzako zikishika vizuri. Tafadhali usingoje asubuhi: azima simu ya jirani yenye laini ya Safaricom, piga 100, laini ifungwe. Akiwa na kadi hiyo na nambari yako ya siri, atatoa salio, kisha akope kwa jina lako, na deni ulipe wewe.

Leo hii piga *100*100#, ili kadi yako isibadilishwe na wakala wa mtaani bali dukani kwa Safaricom, ukiwepo na kitambulisho. Halafu *106#, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoijua, iripoti. Nambari ya huyo mkora itume kwa 333, ni bure.

Swali: Vijana wenye koti za Kenya Power wanataka nitume elfu mbili kwa simu yao, la sivyo wakate stima. Nifanyeje? — Mpangaji, Umoja

Jibu: Usitume, ndugu. Stima ya tokeni hulipiwa Paybill 888880, ya bili 888888, na akaunti ni nambari ya mita au ya bili yako. Jina la mtu binafsi likitokea mahali pa mpokeaji, ghairi. Waache wangoje nje ya geti huku ukipiga 97771 kuuliza kama unadaiwa.

Swali: Nimepata ujumbe wa M-PESA wa 4,500, kisha mtu akapiga akilia kwamba amekosea nambari. Nimrudishie? — Muuza mboga, Githurai

Jibu: Tazama kwanza ujumbe umetoka wapi. Wa kweli huandikwa MPESA juu, si nambari ya mtu. Kisha angalia salio kwa *334#, wala usiamini salio lililoandikwa ndani ya ujumbe huo. Hata pesa zikiwa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako, kwa sababu anaweza kuzipokea na bado aombe zirudishwe mara ya pili. Mwambie atume ujumbe wake wa muamala kwa 456, nawe usiziguse hadi suala liishe.