Maswali ya Wasomaji: Jaribio limefaulu, mbona Excel inakataa?

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mtunza hesabu wa ushirika wa wakulima wa mwani huku Micheweni, Pemba. Kumbukumbu za upimaji tunaziweka katika hifadhidata ya MySQL iliyomo kwenye kompyuta ya ghalani, na mimi ofisini nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10 ya biti 64. Zote mbili zimeungwa kwa waya kwenye ruta moja. Kila mwisho wa mwezi hulazimika kwenda ghalani na daftari, nikaandika kilo za kila mwanachama, kisha nikarudi kuzichapa upya kwenye Excel. Niliambiwa kwamba draiva ya ODBC, yaani kiungo kati ya Excel na hifadhidata, ingeniondolea kazi hiyo. Nimeiweka, nimejaza anwani ya seva, jina la mtumiaji na nenosiri, na nilipobofya kitufe cha "Test" niliambiwa kuwa uunganisho umefaulu. Lakini Excel inakataa, inatoa kosa IM014 na maneno yanayosema kwamba draiva na programu haziwiani. Nimeiondoa na kuiweka upya mara tatu bila mafanikio. Tafadhali nisaidie, kwani mwezi unakwisha na wanachama wanangoja malipo yao.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu wa Micheweni. Draiva yako uliiweka sawasawa tangu mara ya kwanza, na hata ukiiweka upya mara ya nne utapata jibu lilelile. Hitilafu iko mahali ambapo kitufe cha "Test" hakifiki.

Draiva ya ODBC si programu inayojiendesha yenyewe. Ni faili linaloingizwa ndani ya programu iliyoliita, likakaa humo na kufanya kazi ya kupeleka maombi kwenye hifadhidata na kurudisha majibu. Kwa kuwa linakaa ndani ya programu, ni lazima liwe na biti sawa na programu hiyo: programu ya biti 32 haiwezi kubeba draiva ya biti 64, wala ya biti 64 haiwezi kubeba draiva ya biti 32. Kwa hiyo, anayetaka kupakua draiva asiulize kompyuta yake ina Windows ya biti ngapi, bali aulize programu itakayoitumia ni ya biti ngapi. Fungua Excel, nenda "File", kisha "Account", kisha "About Excel", na katika mstari wa juu wa dirisha litakalotokea utasoma 32-bit au 64-bit. Kwa dalili ulizozieleza, natarajia utakuta 32. Ofisi nyingi nilizowahi kuingia Unguja na Pemba zina Windows ya biti 64 na Office ya biti 32, kwa sababu kisakinishi cha Office hadi toleo la 2016 kilikuwa kikiweka biti 32 ikiwa mtu hakuchagua vinginevyo. Mabadiliko yalikuja na Office 2019.

Sasa, kwa nini jaribio lilifaulu? Kwa sababu aliyejaribu si Excel. Ulipobofya "Test", draiva ilikuwa imeingizwa ndani ya programu ya Windows inayosimamia ODBC, nayo uliyoifungua ni ya biti 64, kwa hivyo zilielewana vizuri. Jaribio lile limethibitisha mambo ya maana sana: kwamba waya ni mzima, seva inasikiliza, nenosiri ni sahihi na hifadhidata ipo. Jambo moja tu halikulithibitisha, nalo ni kama Excel inaweza kuibeba draiva hiyo.

Hapa pana mtego ambao umewachosha hata mafundi. Katika Windows ya biti 64 kuna programu mbili za kusimamia ODBC, na zote mbili faili lake linaitwa odbcad32.exe. Ile ya biti 64 imo katika folda C:\Windows\System32, na ile ya biti 32 imo katika C:\Windows\SysWOW64. Soma tena taratibu, kwani majina yamekaa kinyume na mtu anavyotarajia: penye 32 pana biti 64, na penye 64 pana biti 32. Jina la System32 liliachwa kama lilivyokuwa ili programu zilizoandikwa zamani zisipotee njia, nayo SysWOW64 ni mahali Windows inapohifadhi vifaa vya kuendeshea programu za biti 32. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima katika ofisi moja kwa kufungua dirisha la kwanza nikiamini nimefungua la pili, kwani yanafanana kwa rangi, kwa vichupo na kwa vitufe. Tangu siku hiyo husoma kwanza maandishi ya juu ya dirisha, yanayotaja biti zake, na ndipo nigusapo kitu. Tangu Windows 8, orodha iliyomo ndani ina pia safu ya "Platform" inayoonyesha kila chanzo cha data ni cha biti ngapi.

Basi fanya hivi. Iache draiva ya biti 64 mahali pake, haikudhuru na huenda ukaihitaji siku utakapobadilisha Office. Pakua draiva ya MySQL ya biti 32 kutoka tovuti ya MySQL yenyewe, si kwenye tovuti zinazogawa programu za kila namna, kisha uiweke pembeni ya ile ya kwanza. Ikiwa utapata ujumbe wa kosa namba 126 unaosema kwamba moduli haikupatikana, usidhani draiva ni mbovu. Kinachokosekana kwa kawaida ni kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable, nacho pia lazima kiwe cha biti 32 kwa draiva ya biti 32. Baada ya hapo fungua odbcad32.exe iliyomo katika SysWOW64, ukibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Chagua kichupo cha "System DSN" (DSN ni jina la chanzo cha data, yaani mipangilio ya uunganisho iliyohifadhiwa), bofya "Add", na katika orodha ya draiva chagua yenye neno Unicode, si yenye neno ANSI. Tofauti ya hizo mbili haionekani mpaka siku mtu atakapoingiza jina lenye herufi za Kiarabu, nalo likarudi kwenye ripoti likiwa safu ya alama za kuuliza.

Nimekutajia "System DSN" kwa makusudi. Chanzo kilichoandikwa chini ya "User DSN" huonekana kwa mtumiaji aliyekiandika peke yake, na siku atakapoingia mwenzako kwa jina lake, Excel itamwambia kwamba chanzo hakipo, kwa kosa IM002. Chanzo cha "System DSN" huonekana kwa kila anayeitumia kompyuta hiyo. Kipe jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano ghala_mwani, ujaze anwani ya kompyuta ya ghalani, namba ya mlango 3306 ambayo ndiyo ya kawaida ya MySQL, kisha jina la hifadhidata. Bofya "Test". Ukirudi kwenye Excel, ingia kichupo cha "Data", "Get Data", "From Other Sources", kisha "From ODBC", na ghala_mwani itakuwa inakungoja. Mwezi ujao hutakuwa na haja ya kurudia lolote katika haya, kwani "Refresh All" italeta kilo mpya.

Kabla hujaanza kulipia watu kwa kutumia ripoti hiyo, nakuomba uangalie mambo mawili, na la kwanza ni zito. Hukunitajia umeingia kwa jina gani la mtumiaji, lakini ikiwa ni root, mtumiaji mkuu wa MySQL mwenye mamlaka yote, tafadhali badilisha leo. Uunganisho wa ODBC si wa kusoma tu kwa asili yake; mwenye ruhusa ya kufuta huweza kufuta kupitia draiva hiyohiyo. Isitoshe, nenosiri unaloliandika ndani ya DSN ya MySQL huhifadhiwa katika rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, bila kufichwa, na yeyote anayejua pa kutazama atalisoma. Zile ni kilo za wanawake na wanaume walioingia majini maji yakitoka, wakafunga mwani kwenye kamba, wakauvuna na kuuanika. Daftari lao halistahili kulindwa na nenosiri linaloweza kusomwa na mpita njia. Mwombe anayesimamia seva aingie kwenye MySQL na kuandika amri hizi mbili, akiweka nenosiri lake na jina la hifadhidata yenu:

CREATE USER 'ripoti'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'nenosiri_lenu';
GRANT SELECT ON mwani.* TO 'ripoti'@'192.168.1.%';

Amri ya pili inampa mtumiaji "ripoti" ruhusa ya kusoma pekee. Alama ya asilimia inamruhusu kuingia kutoka kompyuta yoyote ya mtandao wenu wa ndani wenye anwani zinazoanza na 192.168.1, na si kutoka kwingineko. Ikiwa anwani zenu zinaanza na tarakimu nyingine, andika hizo. Mkikosea sehemu hii, seva itajibu kwa kosa 1130, likimaanisha kwamba kompyuta yako haimo katika zilizoruhusiwa, jambo lililo tofauti na kosa 1045 ambalo huja pale jina au nenosiri lisipokubalika.

La pili ni anwani ya kompyuta ya ghalani. Ikiwa ruta ndiyo inayoigawia anwani, siku moja umeme utakatika, ruta itawaka upya na kuipa kompyuta ile anwani nyingine, nawe utaamka asubuhi ukidhani draiva imeharibika. Ingieni kwenye mipangilio ya ruta, muiwekee kompyuta ya ghalani anwani moja isiyobadilika. Na ikitokea siku seva haipatikani kabisa, fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike Test-NetConnection, ikifuatiwa na anwani ya seva, kisha -Port 3306. Jibu la mwisho likiwa True, njia ya mtandao ni salama na tatizo litafutwe kwenye draiva au kwenye nenosiri. Likiwa False, iache draiva kabisa, ukatazame waya, ngome (firewall) ya Windows ya kompyuta ya ghalani, na mpangilio wa bind-address wa MySQL, ambao ukiwekwa 127.0.0.1 seva husikiliza maombi ya kompyuta yake yenyewe tu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Unguja Mjini. Orodha ya wanafunzi imo katika MySQL, nami nimeiunganisha na Microsoft Access kwa ODBC. Jedwali linafunguka, idadi ya safu mlalo ni sahihi, lakini kila kisanduku kimeandikwa "#Deleted". Je, kumbukumbu za wanafunzi zimefutwa?

JIBU: Hapana, Mwalimu, hazikufutwa, na unaweza kulithibitisha hilo kwa kuzitazama moja kwa moja kwenye seva. Access inapofungua jedwali lililounganishwa huomba kwanza funguo za safu mlalo zote, yaani namba inayotofautisha kila safu na nyingine, kisha hurudi kwenye seva na ufunguo mmojammoja kuomba safu yake. Ikiwa ufunguo unaorudi haufanani na ule inaoushika, Access huhukumu kwamba safu hiyo imefutwa na mtu mwingine.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni ufunguo wa aina ya BIGINT, ambao matoleo ya zamani ya Access hayaujui. Skuli haina wanafunzi wa kuhitaji namba kubwa kiasi hicho, hivyo badilisheni safu wima ya ufunguo iwe INT, namba ya ukubwa wa kawaida. Kama huna mamlaka juu ya seva, fungua mipangilio ya DSN, bofya "Details", na uweke alama penye maneno yanayoiambia draiva ichukulie BIGINT kuwa INT; papo hapo weka alama pia penye "Return matched rows instead of affected rows", kwani Access huhitaji jibu la namna hiyo inapohifadhi mabadiliko. Hakikisha kwamba jedwali lina ufunguo mkuu, na ikiwezekana liongezewe safu wima ya TIMESTAMP, inayoandika wakati wa mabadiliko, ili Access isikuambie kwamba mwenzako amebadilisha safu mlalo wakati uko peke yako ofisini. Baada ya kubadilisha chochote katika hayo, ondoa kiungo cha jedwali ndani ya Access na ukiunganishe upya, kwa sababu Access hukariri umbo la jedwali siku ya kuunganishwa na haitambui mabadiliko yenyewe. Kuondoa kiungo hakufuti data iliyomo kwenye seva.

SWALI: Niko Mkoani, Pemba. Seva yetu imepandishwa kuwa MySQL 8.0 wiki iliyopita, na tangu hapo draiva yangu ya ODBC ya toleo la 5.1 inalalamika kuhusu caching_sha2_password. Fundi anapendekeza turudishe seva kwenye toleo la zamani.

JIBU: Msiirudishe. MySQL 8.0, iliyotoka mwaka 2018, ilibadilisha namna ya kawaida ya kuhakiki nenosiri ikawa hiyo caching_sha2_password, na draiva yako iliandikwa kabla ya namna hiyo kuwapo. Weka draiva mpya, yenye biti sawa na programu yako kama tulivyomweleza ndugu wa Micheweni. Kumbuka kwamba DSN yako ya sasa imefungamana na draiva ya 5.1 na haitahamia kwenye mpya yenyewe: nakili mipangilio yake kwenye karatasi, ifute, kisha tengeneza nyingine kwa jina lilelile, herufi kwa herufi, ukichagua draiva mpya katika orodha. Programu zinazoita jina hilo zitaendelea kufanya kazi bila kuguswa.