Kabla hujalaumu saketi, chomoa monita

Vijana wanaoanza ufundi wa elektroniki hapa Arusha huniuliza mara kwa mara kwa nini pawasaplai (kifaa cha kutoa umeme) waliyoijenga kwa uangalifu inaonyesha kelele nyingi, yaani mawimbi yasiyotakiwa, kwenye osiloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kwenye skrini. Wamebadilisha kapasita, wamepiga lehemu upya, na yale mawimbi madogo yako palepale. Mimi huanza kwa kuuliza kama mezani kuna monita. Karibu kila mara ipo, tena imebanana na osiloskopu kwa sababu chumba ni kidogo na meza ni hiyo hiyo moja.

Chomoa waya wa umeme wa monita kwenye soketi, kisha tazama osiloskopu. Kuizima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu ikiwa imelala pawasaplai yake ya ndani bado inafanya kazi. Baada ya hapo chomoa HDMI au VGA, utazame tena. Fanya kimoja kimoja, kwa maana kelele hupita njia tofauti: hewani, kwenye waya wa umeme, au kwenye ganda la nje la kebo ya picha. Ukichomoa vyote kwa mkupuo utajua monita ndiyo mkosaji, ila hutajua uizibe njia ipi.

Njia ya hewani ina kipimo chake. Shika ncha ya probu, yaani waya wa kupimia wa osiloskopu, uiunganishe na klipu yake yenyewe ya ardhi, kisha isogeze karibu na monita. Umeunganisha ncha na ardhi yake, kwa hiyo osiloskopu ingepaswa kuonyesha mstari mtupu. Chochote unachokiona kimedakwa na duara la ule waya wa klipu, ambalo limegeuka kuwa antena. Lizungushe nyuma ya monita na utaona mahali kelele inapopanda, mara nyingi kwenye upande wa bodi ya umeme. Sogea nyuma kidogo na itashuka haraka sana, ndiyo maana nusu mita ya nafasi huweza kukuokoa bila gharama yoyote.

Soma pia masafa yake. Kelele ya hezi 50 au 100 inatoka kwenye umeme wa gridi. Ukiweka triga ya osiloskopu (kinachoamua wimbi lianze kuchorwa lini) ifuate umeme wa gridi na wimbi likatulia, umethibitisha. Monita ya 1920 kwa 1080 inayochora picha 60 kwa sekunde huchora mistari kwa kilohezi 67.5, na VGA ya zamani ya 640 kwa 480 ni takriban kilohezi 31.5. Ukikutana na namba hizo hasa, mshukiwa wa kwanza ni monita. Kuna na taa za nyuma ya kioo: baadhi ya monita hupunguza mwanga kwa kuziwasha na kuzizima haraka sana. Pandisha mwanga hadi mwisho. Kelele ikibadilika au ikipotea, inatoka hapo.

Sasa ardhi, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndiyo inayowasumbua mafundi wengi wa huku. Ndani ya pawasaplai ya monita na ya kompyuta kuna kapasita ndogo zinazotoka kwenye laini na nyutro (nyaya mbili zinazoleta umeme) kwenda kwenye bodi, yaani ganda la chuma la kifaa. Waya wa ardhi ukiwepo, mkondo wake mdogo unashuka ardhini kimya kimya. Usipokuwepo, bodi inaelea kwenye karibu nusu ya volti 230, na ndiyo ule mtekenyo unaousikia ukigusa chuma cha kompyuta. Mkondo huo lazima utafute njia nyingine. Ukiunganisha osiloskopu na kompyuta kwa USB, au kifaa unachokipima kikiwa kimeungwa kwenye kompyuta hiyo, njia inakuwa ganda la kebo na waya wa ardhi wa probu yako. Nimeiona kelele hii kwenye kupima redio za magari ya utalii: redio nzima kabisa, lakini sauti inayotoka ina mvumo kwa sababu kompyuta ya kuiprogramu imechomekwa kwenye ekstensheni ya pini mbili.

Kwa hiyo tafuta ekstensheni moja nzuri yenye ardhi ya kweli, chomeka vifaa vyote vya meza hapo, na mwite fundi umeme apime ardhi ya jengo kwa kipimo chake maalumu. Fimbo ya ardhi iliyopigwa kwenye udongo mkavu wenye mawe hupoteza ubora kiangazi, hata kama masika ilipimwa ikawa nzuri.

Na tafadhali sana, usikate pini ya ardhi ya osiloskopu ili kelele ipungue. Ni kweli mvumo unaweza kupotea, lakini bodi ya osiloskopu nayo itachukua volti ya popote utakapobana klipu. Upande wa msingi wa pawasaplai, ule unaopokea umeme wa gridi, una zaidi ya volti 300 za DC. Hizo zinaua.

Dawa za kawaida ni rahisi. Toa ule waya mrefu wa klipu, tumia springi fupi ya ardhi kwenye shingo ya probu. Bana feraiti (kile kipande cha kuzuia kelele kinachozunguka waya) kwenye kebo ya picha na ya umeme, karibu na monita. Kama una laptopu, ifanye kazi kwa betri bila chaja wakati wa kupima. Ile swichi ya kuzuia masafa ya juu ya megahezi 20 inasafisha picha, ila haigusi kilohezi 67.5, tena inaweza kukuficha kelele ambayo kifaa chako chenyewe kinaitoa.

Monita ikiwa imeondoka na kelele bado ipo, chomoa chaja za simu za wateja na uzime taa za LED juu ya meza. Hapo ndipo uanze kuishuku saketi.