Doa la oili mbele ya nyumba

Swali: Gari langu lilivuja oili ya injini usiku kucha, na saruji ya mlangoni imebaki na doa jeusi lenye upana wa sinia. Fundi amenishauri nilimwagie petroli. Je, nimsikilize? – Msomaji, Kampala

Jibu: Usimsikilize, ndugu msomaji. Licha ya hatari ya moto, petroli huiyeyusha oili na kuizamisha zaidi katika vinyweleo vya saruji. Ikiwa doa bado lina unyevu, lifunike kwa unga wa mbao au majivu ya jikoni hadi kesho yake, kisha ufagie bila kusugua. Baadaye changanya sabuni ya unga na maji kidogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto, uipake, uiache nusu saa, usugue kwa brashi ngumu isiyo ya waya na kusuuza kwa maji moto. Doa kuukuu hudai kurudiwa mara kadhaa, na huenda kivuli chake kikabaki. Maji hayo machafu yanyonye kwa unga wa mbao, usiyaelekeze mtaroni, kwa maana mfereji wa Nakivubo humwaga maji yake katika Ziwa Victoria.