Ruzuku ya kunasa hewa ukaa, ni haki?

SWALI: Habari mhariri, hivi kweli serikali itoe hela za walipa kodi kusaidia makampuni yanase hewa ukaa na kuifukia ardhini, si wenyewe ndo wachafuzi?

JIBU: Ndugu msomaji, mi nasema itoe ila kwa kuchagua. Saruji kwa mfano, ukichoma mawe ya chokaa kwenye tanuri hewa ukaa inatoka kwenye jiwe lenyewe, hata moto uwe wa umeme wa jua bado itatoka tu, hapo saidieni. Mitambo ya makaa ya mawe hapana, upepo na jua vipo! Na walipwe kwa tani iliyofukiwa, sio kwa ahadi. Norway ilianza na kodi ya kaboni, yaani kulipia hewa ukaa unayotoa, 1991, ndo maana kwenye eneo la gesi la Sleipner baharini wanaifukia chini ya sakafu ya bahari tangu 1996.