Shelfu za kujengea sebuleni: zibebe vitabu, zishinde mchwa na unyevu wa bahari

Katika nyumba za mawe za Waswahili, kidaka kilikuwa sehemu ya ukuta, kwa kuwa ukuta wenyewe ulikuwa mnene. Leo sebule nyingi za Mtwara mjini na Lindi zina kuta za tofali za saruji za inchi 5 au 6. Usikubali fundi auchimbe ukuta wa namna hiyo ili kupata kidaka, maana anaudhoofisha. Shelfu ije mbele ya ukuta na kushikwa nao.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, kusanya vitu vyote vitakavyokaa hapo, vipange sakafuni na uvipime. Mita moja ya vitabu inaweza kufika kilo 30. Faili la ofisini lina urefu wa karibu sentimita 32, hivyo lipe nafasi ya 35. Vitabu vya kawaida na picha zinatosha kwenye kina cha sentimita 25 hadi 30. Sehemu ya chini ya runinga na king'amuzi ndiyo ipewe 40. Kutumia kina cha 40 kutoka chini hadi darini ni kosa tunaloliona kila mara. Sebule inabanwa, na vitu vya nyuma havionekani tena.

Shelfu nyingi huharibika kwa kupinda katikati, na kosa huwa ni la kipimo. Kwa ubao mzuri wa mti, wenye unene wa milimita 25, umbali kutoka egemeo hadi egemeo usizidi sentimita 80 ikiwa utaweka vitabu. Kwa MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ya milimita 18, ishia 60. Ukiurefusha ubao mara mbili na kuujaza vitabu vilevile, kupinda kunaongezeka mara 16. Ukiongeza unene mara mbili, kunapungua mara 8. Kwa hiyo egemeo moja la katikati lina faida kuliko kununua mbao nene. Njia nyingine ya bei nafuu ni kugandisha papi ya inchi 1 kwa 2, ikisimama wima, kwenye ukingo wa mbele wa ubao: inaukaza, na shelfu inaonekana nene na nzuri.

Kuhusu mbao, mninga na mkongo ndizo za kutegemewa huku kusini, ila angalia moyo wa mti tu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa na bungua hata kama mti ni mninga, basi mwambie seremala aiondoe yote. Paini kutoka Mufindi ni rahisi kukatwa na kupakwa rangi, lakini isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. MDF ya kawaida tunaikataa kabisa kwa sehemu ya chini: maji ya kudekia yakiigusa inavimba na hairudi tena. Mbao zikishanunuliwa, zilaze ndani ya sebule hiyohiyo wiki mbili au zaidi, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Ubao mbichi uliopigiliwa kiangazi utakauka na kupasuka. Uliokauka mno utatanuka masika. Kwa sababu hiyo acha pengo la sentimita 1 kati ya ubao na ukuta wa nyuma. Pengo hilo pia hukuwezesha kuona njia za udongo za mchwa mapema. Sehemu ya chini iketi juu ya kizingiti cha zege cha sentimita 10, isiguse sakafu.

Kufunga ni rahisi ukijua lipu haibebi kitu. Papi inayofungwa ukutani ili ubao ulale juu yake ina milimita 25, lipu karibu 15, na skrubu inapaswa kuingia milimita 40 ndani ya tofali, jumla 80. Toboa tundu la milimita 8, sukuma plagi ya plastiki hadi ipite lipu, kisha funga skrubu kila baada ya sentimita 40. Tumia za stenlesi. Upepo wa bahari hula skrubu za kawaida, na kutu huacha michirizi myeusi kwenye mbao. Katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mikindani, tundu linamomonyoka, kwa hiyo uzito ubebwe na nguzo za mbao zinazosimama sakafuni. Skrubu chache za ukutani zizuie kuanguka tu.

Kuta zetu mara chache huwa sawa. Pima upana juu, katikati na chini, na kila ubao ukatwe kwa kipimo chake, pungufu milimita 4. Pima maji itumike kwenye papi, kabla ubao haujalala.

Vanishi ipakwe pande zote, pamoja na chini na kwenye ncha. Ubao uliopakwa juu peke yake hunyonya unyevu upande mmoja na kujikunja kama kigae. Mikono mitatu, na msasa laini katikati ya kila mkono.

Waya za umeme zipitishwe kabla ya kufunga. Tundu la sentimita 6 linapitisha plagi, na king'amuzi kiachiwe sentimita 10 za hewa juu yake.

Kupanga sasa. Vizito na vikubwa chini, na theluthi moja ya nafasi ibaki tupu. Hili la mwisho ndilo gumu kwa wengi, ila shelfu iliyojazwa yote ni stoo. Ukuta wa nyuma ukipakwa rangi iliyokolea kidogo, vyombo vyeupe na vikapu vya ukindu vinajitokeza vizuri. Vinyago vya Kimakonde vikae usawa wa macho, mbali na dirisha linaloingiza jua, kwa kuwa mpingo ukikauka ghafla hupasuka. Mpingo ni mzito hata huzama majini, hivyo kinyago kikubwa kikae karibu na egemeo. Taa ifungwe chini ya ubao wa juu, ukingo wa mbele. Ikifungwa nyuma, kinyago kitabaki kivuli cheusi na sura zilizochongwa hazitaonekana.